Kivuko kipya barabara ya Kanduyi–Musikoma, Bungoma: rangi imepakwa, sasa tudai yaliyobaki

#1 MkaziKanduyi

Mulembe wadau.

Mnaotumia barabara ya kutoka Kanduyi kwenda Musikoma mmeona kwamba karibu na shule, pale ambapo watu wamekuwa wakivuka kwa kukimbia, sasa kuna kivuko cha zebra. Mafundi walifunga upande mmoja, wakapaka mistari myeupe, wakasimika kibao, wakahamia upande wa pili, wakaenda zao. Wazazi wamekililia kivuko hiki katika mikutano ya wadi kwa miaka, na waliokisukuma hadi kikapatikana wanastahili shukrani. Mimi nawashukuru kwa dhati.

Lakini kazi imefika nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayookoa maisha. Rangi inamwambia mtoto kwamba hapa ni mahali pa kuvukia. Dereva anayekuja kwa kilomita 80 kwa saa hajabadilishiwa chochote: barabara ni pana vilevile, imenyooka vilevile, na mguu wake uko palepale kwenye mafuta. Zamani mtoto alisimama, akatazama huku na huku, akavizia nafasi. Siku hizi anaona zebra, anaingia.

Niliyoyaona wiki hii ni haya. Saa moja kasoro asubuhi, binti wa darasa la pili au la tatu, begi limemfika magotini, amemshika mdogo wake mkono. Matatu iliyokuwa njia ya kushoto ikasimama, dereva akawapungia mkono wapite. Dereva mwungwana kabisa. Nyuma yake kulikuwa na pikapu. Huyu wa pikapu hakuwaona watoto kwa sababu matatu imewaziba, akadhani matatu inashusha abiria kama kawaida yake, akachomoka njia ya kulia bila kupunguza. Mama anayechoma mahindi kando ya barabara alipiga ukelele, binti akamvuta mdogo wake nyuma. Pikapu ilipita hatua mbili mbele ya pua zao. Hakusimama.

Hapo hakuna dereva mlevi wala mtoto mtundu. Ni barabara ya njia mbili kwa kila upande, na kivuko kilichowekwa juu yake bila kitu cha kulazimisha magari ya njia zote mbili yapunguze mwendo.

Nimepiga hesabu ambayo yeyote anaweza kuirudia. Upande mmoja una njia mbili, kila moja karibu mita tatu na nusu, kwa hiyo mtu anavuka mita 7 kabla ya kufika ukingo wa katikati. Mtu mzima mwenye afya huenda mita 1.2 hivi kwa sekunde, ambazo ni sekunde 6. Bibi mwenye mzigo kichwani au mtu mwenye mkongojo anaweza kuchukua sekunde 9. Ndani ya sekunde hizo 9, gari la kilomita 50 kwa saa linakata mita 125. La kilomita 80 linakata mita 200. Maana yake bibi akianza kuvuka barabara ikiwa tupu kwa macho yake yote, gari ambalo hakuliona bado linaweza kumkuta katikati.

Sheria ya Trafiki inasema mwisho ni kilomita 50 kwa saa ndani ya mji. Kibao kipo. Simameni pale dakika kumi mtazame nani anakifuata.

Nataka tuandike barua ya pamoja. Mawazo yangu ya kwanza: kivuko kiinuliwe kiwe tuta bapa ili gari lisiweze kupita kwa kasi, steji isogezwe mbali nacho, na taa ziwekwe. Mwenye ujuzi, mwenye kupinga, mwenye kuishi au kufanya kazi hapo, leteni maoni. Sitaki barua ya kulalamika, nataka barua ambayo mhandisi akiisoma ataona tunajua tunachoomba.

#2 BodaWaChepkube

Ndugu, hilo la kupita gari lililosimama liko kila siku, na wengine wetu wa boda tunalifanya pia. Nitalisema kwenye chama chetu.

Jambo moja naomba mlielewe. Tunaegesha pale mdomoni mwa kivuko kwa sababu abiria wanatokea pale. Trafiki akija tunatawanyika, akiondoka tunarudi, kwa kuwa ukikaa mita mia mbele unalala njaa. Mkitaka tuondoke, tupewe kibanda chenye paa umbali ambao abiria ataweza kutuona. Mita thelathini au arobaini baada ya kivuko, siyo kabla. Tukiwa baada, hatumzibi anayevuka.

#3 KijanaWaMusikoma

Samahani, mimi napinga. Tulilia miaka na miaka tupate barabara pana, tumepata, sasa tunataka kuijaza matuta. Kutoka hapa hadi Webuye mtu tayari anarukaruka. Magari yanaharibika shokamzoba, wagonjwa wanaumia ndani ya ambulensi, jioni foleni inafika mbali. Jibu ni daraja la miguu. Watu wapite juu, magari yapite chini, kila mtu na njia yake. Miji mingine inajenga madaraja, sisi tunapaka rangi.

#4 Magurudumu2

Kijana, natumia kiti cha magurudumu. Daraja la ngazi kwangu ni ukuta. Daraja lenye mteremko mrefu wa zigizaga nalipanda nikiwa na mtu wa kunisukuma, au nikiwa na mikono ya chuma. Na siyo mimi tu: ni mama mwenye mapacha, ni anayesukuma mkokoteni wa maji, ni mzee wa magoti mabovu. Kifungu cha 54 cha Katiba kinatupa haki ya kufika mahali pote pa umma, na barabara ni mahali pa umma.

Kwenye barua ongezeni hili, maana naona hakuna aliyeligundua. Kivuko kimepakwa hadi ukingo wa barabara, lakini ukingo wenyewe ni jiwe lililosimama, kimo cha kiganja. Katikati ya barabara ni vilevile. Kwa hiyo nikishuka barabarani kwa msaada, nikafika katikati, siwezi kupanda pale ambapo ningesubiri upande wa pili uwe wazi. Nabaki kwenye lami magari yakipita nyuma yangu. Mara ya mwisho vijana wawili wa boda waliniinua kiti na mimi ndani yake. Nawashukuru, lakini sitaki kuinuliwa. Wakate ule ukingo uwe mteremko, pande zote, na katikati wafungue njia ya kiwango sawa na lami.

#5 LamiNaKokoto

Nimefanya kazi za barabara kwa muda, nyingi katika kaunti zetu hizi za magharibi. Nitaeleza kwa kirefu kidogo, mnivumilie.

Kwanza, aliyeanzisha uzi ana hoja ambayo ina utafiti nyuma yake. Mamlaka ya barabara kuu ya Marekani ilichapisha mwaka 2005 matokeo ya kulinganisha vivuko vilivyopakwa rangi na sehemu za kuvukia zisizopakwa. Kwenye barabara za njia mbili kwa jumla, yaani moja kila upande, rangi peke yake haikuleta tofauti kubwa. Kwenye barabara za njia nyingi zisizo na ukingo wa katikati na zenye magari zaidi ya 12,000 kwa siku, vivuko vya rangi tupu vilihusishwa na ajali nyingi zaidi kwa wapita kwa miguu kuliko mahali pasipopakwa kitu. Palipo na ukingo wa katikati, hali hiyo ilionekana magari yakizidi 15,000. Hawakusema tufute zebra. Walisema usipake rangi kwenye barabara ya aina hiyo ukaiacha peke yake. Kwa hiyo ombi la kwanza la barua liwe kuhesabu magari na watu: mara ngapi kwa saa, asubuhi, mchana, jioni na siku ya soko. Bila hesabu hiyo mtu wa ofisini atawaambia mahali hapo hapana watu wa kutosha.

Pili, hiyo ajali iliyokoswakoswa ina dawa ya bei nafuu kuliko zote. Mstari wa kusimamia magari usiwe ubavuni mwa kivuko. Usogezwe nyuma mita 6 hadi 15. Gari la kwanza likisimama nyuma kiasi hicho, dereva wa njia ya pili anamwona mtoto na mtoto anamwona yeye. Ni mstari mmoja wa rangi na kibao kimoja. Kwenye sehemu hiyohiyo ya kukaribia kivuko pawe na mstari usiokatika kati ya njia mbili, ili kuhama njia pale kuwe kosa.

Tatu, tuta bapa. Kijana wa Musikoma, tuta unalolichukia ni lile la mgongo wa ng'ombe, fupi na kali, linalopiga chini ya gari. Kivuko kilichoinuliwa ni kitu kingine. Kimo chake ni kama sentimita 10, juu ni bapa na pana kiasi cha gari dogo lote kukaa juu yake, pembeni kuna mteremko mpole. Ukifika kwa kilomita 30 unapita bila kikombe cha chai kumwagika. Ukifika kwa 70 utajuta. Hiyo ndiyo kazi yake. Na kwa Magurudumu2, kivuko kikiinuliwa hadi kimo cha njia ya miguu, ule ukingo unaomzuia unapotea wenyewe.

Ila kuna jambo ambalo wengi hukosea hapa kwetu: maji. Mnajua mvua ya Bungoma ya alasiri. Ukiinua kivuko kutoka ukingo hadi ukingo bila kuyapa maji njia, umejenga bwawa. Siku ya kwanza dimbwi, mwezi wa pili lami imelegea, baadaye shimo liko mguuni mwa kivuko chenyewe, na magari yanalikwepa kwa kuingia upande wa watu. Kwa hiyo ombeni kwa maandishi mfereji wenye kifuniko cha wavu pande zote mbili upande wa juu wa kivuko. Mwanakandarasi asipoandikiwa hataweka.

Nne, rangi yenyewe. Kuna rangi ya kawaida ya brashi au mashine ya kupulizia, ambayo kwenye barabara yenye malori na matope hufifia haraka. Na kuna ile ya kuyeyushwa kwa moto wa karibu nyuzi 200, inayomwagwa nene na kunyunyiziwa chembe za kioo ikiwa bado moto. Hizo chembe ndizo zinazorudisha mwanga wa taa za gari usiku. Ni rahisi kutofautisha: ile ya kuyeyushwa ukipitisha kidole pembeni unahisi unene wake. Halafu nenda usiku na tochi, ishike usawa wa jicho, mulika mita thelathini mbele. Mistari ikiwaka, vizuri. Ikibaki kijivu kama lami, ni rangi ya mchana tu.

Hii zebra yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya dereva kutoona. Uingereza walianza mwaka 1934 na nguzo zenye tufe la rangi ya chungwa na misumari ya chuma barabarani. Anayetembea alijua pa kuvukia, dereva aliyekuja kwa kasi hakuiona misumari. Wakafanya majaribio ya mistari, na mwaka 1951 ikawa ndani ya sheria. Kazi ya mistari tangu mwanzo ni kuonekana na dereva akiwa mbali.

#6 MkaziKanduyi

LamiNaKokoto, mhandisi wetu, asante sana. Hilo la mstari wa kusimamia sikulijua na naona ndilo la kuweka juu kabisa, kwa kuwa linaweza kufanyika wiki moja bila bajeti mpya. Jana usiku nilikwenda na tochi. Mistari iko kijivu.

Kijana wa Musikoma, kuhusu daraja nakujibu kwa heshima. Barabara ya Thika ilizinduliwa Novemba 2012, ina madaraja ya miguu mengi, na bado watu walikufa wakivuka chini yake, kwa sababu daraja likiwa mbali na steji mtu anapiga hesabu ya miguu yake. Pale barabara ina njia nane na magari ya kilomita 100, sibishi, daraja linahitajika. Hapa kwetu ni katikati ya mji. Upande huu kuna shule na nyumba, upande ule kuna maduka, kanisa na steji. Watu wanavuka mara nne, tano kwa siku. Huwezi kuwaambia wapande ghorofa mbili kila wakitaka kununua sukari. Na fedha za daraja moja zinaweza kutengeneza vivuko kadhaa vilivyoinuliwa toka Kanduyi hadi Musikoma.

Ambulensi ni hoja ya kweli. Ndiyo maana mhandisi anasema tuta bapa na siyo mgongo wa ng'ombe.

#7 DerevaWaMalaba

Wacha niwape upande wa usukani. Nabeba mizigo kutoka Mombasa kwenda Malaba na mbele. Hapo Kanduyi ndipo barabara kuu ya A8 inakutana na hiyo yenu, na nikiingia mjini kushusha napita kivuko hicho.

Gari dogo kwa kilomita 50, lami kavu, dereva macho wazi, linahitaji karibu mita 28 kusimama: nusu ni kabla mguu haujafika kwenye breki, nusu ni breki yenyewe. Kwa kilomita 80 ni karibu mita 58. Mimi nikiwa na tani zaidi ya 40 nyuma yangu sahauni hizo namba. Breki za upepo zinachelewa kidogo kushika, mzigo unasukuma, na mvua ikiwa imenyesha na matope ya trekta yako barabarani, nikikanyaga kwa nguvu trela linaweza kuja pembeni likafagia hata walio kando. Kwa hiyo msinitegemee kusimama ghafla. Nipeni habari mapema.

Habari mapema maana yake ni kibao mita 100 au zaidi kabla, kisha matuta madogo madogo ya kuunguruma chini ya matairi, kisha kivuko chenyewe kikiwa na taa juu yake. Taa iwe inammulika anayevuka kutoka upande ninaotokea mimi, ili nimwone yeye na siyo kivuli chake. Nikikutana na gari lingine usiku nashusha taa, na taa za chini haziangazi mbali. Mtu wa koti jeusi namwona nikiwa nimeshamfikia.

Na tuta lolote mtakalojenga, lipakeni rangi na kuliwekea kibao. Matuta ambayo wananchi hujijengea usiku baada ya ajali, bila alama yoyote, yameua wanaboda na kupindua malori. Najua uchungu unaowafanya wayajenge. Bado yanaua.

La mwisho, wachuuzi. Sisi madereva tunapita njia ya Londiani. Tarehe 30 Juni 2023, lori lilitoka barabarani pale makutano likaingia kwa watu waliokuwa wakiuza na kusubiri magari, wakafa zaidi ya 50. Tangu siku ile nikiona meza za nyanya zimegusa lami napata baridi. Mnapozungumzia kivuko, zungumzieni na walioketi kando yake.

#8 MamaNyanya

Nimesoma yote mwanangu ameniwekea. Mimi ni mmoja wa hao walioketi kando yake.

Dereva, nimekusikia, na Londiani tuliilia sote. Lakini kila mara mtu akisema "usalama barabarani", kinachofuata ni askari wa kaunti kumwaga mboga zetu. Tunaondolewa, hatuonyeshwi pa kwenda, baada ya wiki tunarudi kwa sababu watoto wanakula. Nakaa pale kwa kuwa anayevuka ndiye mteja wangu. Anashuka matatu, anavuka, ananunua nyanya za shilingi hamsini, anaenda kupika. Kivuko kikihama, na mimi nitahama. Watu wakija, nitakuja.

Kwa hiyo barua yenu iseme hivi: wachuuzi watengewe mahali nyuma ya mtaro, usawa wa kivuko, penye sakafu na paa, kabla ya kuondolewa walipo. Kabla, siyo baada. Mkiliandika hilo nitaweka sahihi na nitawaletea sahihi za wenzangu. Msipoliandika tutawapinga kwenye mkutano, na tuko wengi.

Kingine. Mnavyosema taa, wekeni ile ya juu yenye nguzo imara na siyo ile ambayo betri yake huibwa. Ninyi mnaizungumzia kwa ajili ya madereva. Sisi wanawake tunavuka saa mbili usiku tukiwa na pesa za siku nzima.

#9 MwalimuWaZamu

Mama, umesema neno. Nami niseme la watoto.

Mtoto wa miaka saba hawezi kukadiria mwendo wa gari linalokuja. Anaona liko mbali, basi. Halafu ni mfupi. Boda moja ikiegeshwa kando ya kivuko, yeye haoni na haonekani. Tunawafundisha: simama ukingoni, tazama kulia, kushoto, kulia tena, hakikisha gari la njia ya kwanza NA la njia ya pili yote yamesimama, tembea usikimbie. Hilo la njia ya pili tumeanza kulifundisha juzi kwa kuchora barabara kwa chokaa uwanjani, darasa la nne wakiwa magari na darasa la kwanza wakivuka. Wameelewa haraka kuliko nilivyotarajia.

Ila mafunzo hayatoshi kwa wadogo. Tunahitaji mtu mzima wa kuwavusha asubuhi na saa ya kutoka, mwenye fulana ya kung'aa na kibao cha kusimamisha magari. Wazazi wawili wamejitolea. Ningependa polisi wa trafiki wawape maelekezo na kutambua kazi yao rasmi, kwa sababu dereva mwingine hatamsikiliza mzazi.

#10 KijanaWaMusikoma

Sikujua kuhusu hilo tuta bapa. Kama ni kama anavyoeleza LamiNaKokoto, na lina mfereji na alama, sitapinga. Daraja nitaendelea kulitaka kule Kanduyi penyewe, kwenye A8, ambako malori hayapungui usiku na mchana. Hapa kwa shule, sawa.

Swali: barua inaenda kwa nani? Mara ya mwisho nilipouliza kuhusu taa, ofisi moja ilinituma nyingine, na ile ya pili ikanirudisha kwa ya kwanza.

#11 KaraniMstaafu

Kijana, hilo ndilo la kujua kabla ya kununua karatasi. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu za taifa, KURA kwa za mijini, KeRRA kwa za mashambani. Chini ya Katiba ya 2010, barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho ni kazi ya kaunti. Kwa hiyo unaweza kukuta lami ni ya mmoja na taa ni za mwingine, na mwananchi anazungushwa hapo katikati.

Msibahatishe. Andikeni barua fupi ya kwanza mkiuliza tu: kipande hiki kinasimamiwa na nani, michoro ya kivuko hiki iko wapi, na kazi imekabidhiwa au bado? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inawapa siku 21 za kujibu. Habari ikiwa inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Wakinyamaza, mnapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Pelekeni nakala kwa wote, mpigiwe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu. Barua isiyo na mhuri ni kama hamkuandika. Na kama kazi haijakabidhiwa rasmi, mwanakandarasi bado anaweza kurudishwa kurekebisha kwa fedha zilezile. Ndiyo maana haraka inahitajika.

Barua ya pili ndiyo ya madai. Hiyo iwe ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 15, inampa kila mtu haki hiyo. Tazameni kalenda pia. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1, makadirio ya bajeti Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Jambo ambalo halimo kwenye mpango wa Septemba ni vigumu kulipatia fedha mwaka unaofuata. Mikutano ya ushirikishaji wa umma inayotangulia huwa mitupu, naijua, nimeandika kumbukumbu zake maisha yangu yote. Watu thelathini wakija na jambo moja, wakalisema kwa sauti moja, linaandikwa.

#12 MkaziKanduyi

Mzee, asante sana. Nimekaa na kuandika upya yote. Barua ya kwanza ni ya ukurasa mmoja, maswali matatu kama alivyoelekeza mzee, na inataja uhai wa watoto ili saa 48 zihusike.

Ya pili nimeigawa mara mbili. Ya mwezi huu, yasiyohitaji bajeti kubwa: mstari wa kusimamia urudishwe nyuma, mistari ipakwe upya kwa rangi ya kuyeyushwa yenye chembe za kioo, kibao cha onyo mita 100 kabla kwa kila upande, boda na matatu zipewe sehemu baada ya kivuko, ukingo ukatwe pande zote na katikati, na wazazi wanaovusha watoto watambuliwe. Ya kuingia mpango wa Septemba: kivuko kiinuliwe pamoja na mifereji yake, matuta ya kuunguruma, taa ya nguzo, na sehemu ya wachuuzi yenye sakafu na paa ambayo itakamilika kabla ya mtu yeyote kuondolewa. Mama, hayo maneno ya mwisho nimeyanakili kama ulivyoyaandika.

Jambo moja nimelikataa, nalo ni pendekezo nililotumiwa faraghani kwamba tufunge barabara kwa matairi mpaka watujibu. Nimeelewa hasira yake. Lakini takwimu za NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, mwaka baada ya mwaka zinaonyesha wapita kwa miguu ndio wanaokufa wengi kuliko kundi lolote barabarani, na siku ya matairi na mawe ndio hao hao watakaokuwa mbele. Tutaanza na mhuri wa mzee.

Hesabu ya magari na watu tunaifanya wenyewe. Mwalimu ana wanafunzi wa darasa la nane wa zamani waliomaliza sekondari na wako nyumbani. Watakaa chini ya kivuli cha duka, wawili kila upande, karatasi na kalamu. LamiNaKokoto ameahidi kuandaa fomu. Tunahitaji siku moja ya kawaida, siku moja ya soko, na Jumapili.

Kutia sahihi ni Jumamosi saa nane mchana, nje ya duka la fotokopi karibu na kivuko.

#13 MamaNyanya

Saa nane sokoni ndiyo tunafungua mizigo. Wekeni saa nne asubuhi, au nileteeni karatasi pale nilipo.

#14 MkaziKanduyi

Tutafanya yote mawili, mama. Saa nne dukani, kisha nitakuja nayo kwako, na Magurudumu2 atakuwa nami. Anataka kumwonyesha LamiNaKokoto ule ukingo wa katikati, naye LamiNaKokoto anakuja na futi.

#15 BodaWaChepkube

Chama kimekubali mita 40 baada ya kivuko. Mwenyekiti atakuja kutia sahihi. Anasema kibanda kiwe na paa la mabati, siyo turubai.